Cheti cha Kikorea cha kusomwa mazishini mwangu

Kuna jambo nimemficha mke wangu miaka miwili, na leo limenifikisha kujiandikisha kwa mtihani wa Kikorea.

Nina miaka themanini na tatu. Moyo wangu umechoka.

Generoza, mke wangu, haoni tena. Kila jioni mimi humtafsiria tamthilia za Kikorea kwenye televisheni. Anaamini nilijifunza lugha hiyo vitabuni.

Leo asubuhi akaniambia: "Siku ya kukuzika watasoma diplome zako zote mbele ya watu. Ya Kikorea isikose."

Basi tukaenda kwenye ofisi ya mtihani, tukapanga foleni na vijana.

"Mzee, tunaandikisha mujukuu?" akauliza binti wa mezani.

"Apana, ni yeye!" akajibu Generoza.

"Tumuweke kiwango cha chini?"

"We! Mwalimu muzima? Weka ya juu kabisa!"

Vijana wakapiga makofi. Nikatia sahihi.

Chekeni tu. Lakini wajukuu, msomeeni bibi yenu haya polepole, nikiwa bado hai ili anigombeze.

Generoza, sijui hata neno moja la Kikorea. Na yule mume wa kwenye tamthilia, unayemngojea kila jioni arudi kwa mkewe, walimzika tangu sehemu ya pili.