Zima Redio Yako, Verlon

Watu wengi wa kaunti yetu hawakumjua mjomba Verlon kwa sura. Ungemkuta dukani ananunua njugu za kuchemsha, na hakuna anayegeuka. Lakini akisema tu, "Niongezee za chini, zenye chumvi," kichwa kimoja kinainuka, kisha cha pili. "Wewe si Verlon wa Cane Fork? Yule wa redioni?" Naye hujifanya hakusikia, na kicheko kimembana mbavu.

Ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda cha mbao, mpaka kiwanda kikafungwa. Msumeno ulimla vidole viwili, na kelele zake zikamla sikio la kushoto. Ndiyo maana alisema kwa sauti kubwa hata kanisani. Hakujaliwa mtoto. Mimi ni wa dada yake, nililelewa kwake, na nilipoacha shule nikabaki pale kumsaidia mkewe, Mama Nadine. Sisemi sana. Katika nyumba ile nafasi ya kusema ilikuwa imeshajaa.

Kila alasiri, tangu majani yanapogeuka rangi hadi Krismasi, redio ya kwetu ina kipindi cha mpira. Si kandanda. Ni mpira wetu wa kofia ngumu na kugongana mabega, hasa ule wa vyuo, na huku watu huulizana timu kabla ya kuulizana kanisa. Unapiga simu, unataja jina na kwenu, unabishana. Mtangazaji ni Hoyt Mabry. Mjomba alikuwa mtu wa Tombeck, chuo kidogo cha hapa mtoni. Hasimu wake alikuwa Delphine wa Harpe, mtu wa Calloway, chuo kikubwa chenye uwanja wa kumeza mji mzima. Walibishana miaka na miaka na hawakuwahi kuonana.

"Babu wa maranda, bado hujafa tu?"

"Nife vipi, Delphine, na ile keki ya njugu uliyoniahidi sijaionja?"

"Nilisema utaila siku Tombeck watakapocheza na wanaume wenzao."

Kipindi kile kina sheria moja. Ukipiga simu, zima redio yako kwanza. Redio huchelewa kidogo. Neno ulilolisema kwenye simu hutoka redioni ukiwa umeshafika sentensi ya saba au ya nane, nawe ukilisikia unapotea kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Anayesahau, Hoyt humkemea, "Zima redio yako!" Kwetu msemo umehamia mpaka kwa kinyozi. Mtu akiongea huku anajisikiliza, wazee humwambia azime redio yake.

Kwa hiyo mjomba, ambaye kaunti nzima iliijua sauti yake, hakuwahi kuisikia. Alipiga simu kibarazani, nyuma ya nyumba, mlango umefungwa. Sisi tulimsikia jikoni.

Mwaka huo Tombeck hawakushindwa na mtu. Calloway walishindwa mara mbili, ila na vigogo. Kwenye mtoano wa mwisho wa mwaka ilibaki nafasi moja, na kamati inayochagua timu ingeitangaza Jumapili. Nani anastahili? Hapakuwa na mazungumzo mengine. Hata mazishini watu walinong'ona hayo nyuma ya jeneza.

Lakini mjomba tangu kiangazi alikuwa amekauka koo. Tukadhani ni makelele yake. Daktari wa mjini akamulika ndani, akakaa kitako, akasema kuna uvimbe kwenye kisanduku cha sauti na kisanduku lazima kitoke chote. Angeweza kumpasua wiki hiyohiyo.

"Baada ya Jumapili haiwezekani?" mjomba akauliza.

"Una harusi?"

"Kuna kamati."

Daktari akamtazama Mama Nadine. Mama Nadine akatazama mkoba wake.

"Jumatatu basi," daktari akasema. "Lakini sipendi."

Gari lilipozimwa uani ndipo Mama Nadine akafungua kinywa. "Unataka kufa kwa ajili ya watoto wanaogombania mpira wa ngozi?"

"Sitaki kufa, Nadine. Nataka kusema langu, halafu waichukue sauti yangu."

Wiki ile alinyamaza ili aitunze. Alikunywa asali. Nilimwona mbele ya jiko akiyapanga maneno yake kwa midomo tu. Nikamwambia nitamrekodi kwa simu yangu. "Rekodi ni za marehemu," akanong'ona.

Ijumaa alipiga simu. Hakwenda kibarazani. Alikaa jikoni, chini ya rafu ya redio, na redio ilikuwa inaongea; simu nayo aliiwekea sauti ya juu kwa ajili ya sikio lake, hata sisi tuliisikia. Walipomweka asubiri, Delphine alikuwa hewani akiwaponda Tombeck: wameshinda kina nani, vyuo vya kushonea mashuka? Hoyt akacheka. Kisha akasema, "Delphine, usikate. Tunaye Verlon wa Cane Fork."

Mama Nadine akanyoosha mkono azime redio. Mjomba akamshika kifundo, taratibu, akatikisa kichwa. Hapo nikaelewa kwamba hakusahau kuizima.

"Hoyt, kamati inauliza nani bora," akaanza. "Hilo si swali. Ubora ni maoni ya mtu. Kustahili ni kazi uliyoifanya. Vijana wetu wamewekewa gogo, wakalipasua. Likaja lingine, wakalipasua. Huwezi kumwambia mpasuaji jua likishazama kwamba magogo yako yalikuwa membamba, ujira apewe yule mwenye mabega mapana. Kama ni hivyo, kwa nini—"

Hapo redio ikasema, *Hoyt, kamati inauliza nani bora.*

Mjomba akanyamaza. Sauti iliyotoka rafuni ilikuwa ya mzee: nyembamba, imechanika katikati, kama mlango wa banda upepo ukiusukuma. Aliisikiliza kinywa wazi, simu ikiwa sikioni.

"Verlon?" akasema Hoyt. "Zima redio yako, mzee wangu. Verlon, upo?"

Redio ilikuwa bado kwenye magogo.

"Tumempoteza. Laini za Cane Fork hizo."

"Amekimbia!" Delphine akaangua kicheko. "Ukweli umemkaba koo!"

Mjomba akarudisha simu mahali pake. "Hiyo ndiyo sauti yangu?"

"Ndiyo," akasema Mama Nadine.

"Tangu lini?"

"Zamani ilikuwa nzuri, Verlon. Nzuri sana."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ulikuwa unaongea."

Angeweza kupiga tena. Kipindi kilikuwa hakijaisha. Hakupiga. Jumapili nafasi walipewa Calloway. Alitazama tangazo mpaka mwisho, akaenda kulala na viatu. Jumatatu wakampasua. Daktari alipotoka alisema uvimbe ulikuwa umekwenda mbali kuliko alivyodhani. Hakuna aliyeitaja ile wiki ya kungoja. Mama Nadine hakuitaja kabisa, na kule kutoitaja kukasikika nyumba nzima.

Alirudi na tundu shingoni, limefunikwa kwa kitambaa. Alikula uji kwa mrija wa mpira. Mambo aliyotaka kusema aliyaandika kwa kidole mezani, na la kwanza lilikuwa kwamba pale redioni wasiambiwe. Mama Nadine akaenda kuwaomba watu wa kanisani, nao wakafunga midomo. Akazidi kukonda. Majani yakageuka rangi tena, naye kila alasiri akakaa chini ya rafu.

Siku moja Delphine akapiga. Hakuanza na Calloway.

"Hoyt, yule babu wangu wa maranda yuko wapi?"

"Hajapiga tangu mwaka jana, Delphine. Huenda bado anakuogopa."

"Mwambie keki nimeoka. Ya kweli, ipo mezani hapa." Hapo ule utamu wa kuudhi ukamtoka. "Verlon, kama unanisikia, piga simu, muoga wee. Nisipobishana na wewe nitabishana na nani?"

Mjomba akasimama kwa kushika meza. Nikadhani atanipa simu mimi, nikaanza kutafuta neno la kusema. Hakunipa. Alipiga mwenyewe. Waliiona namba yake, wakampitisha bila kungoja.

"Haya, haya! Verlon wa Cane Fork, uko hewani!"

Hakukuwa na kitu. Hewa tu, ikipiga mluzi kwenye lile tundu. Kisha mluzi uleule ukatoka rafuni, umechelewa, mbele ya kaunti nzima. Delphine hakucheka.

"Verlon?" akasema Hoyt. "Zima redio yako, mzee wangu. Hatukusikii."

Mjomba akanyoosha mkono, akaizima. Kisha akaegemea ukuta, simu kwenye sikio lake zima, midomo ikaanza kwenda.