Fundi na Mnada wa Masafa

Fundi wa cherehani alikuwa kiziwi tangu utotoni, lakini kwa maneno hakuna aliyemweza mtaani. Mikono yake ilisema, ikatania, ikasuta. Kila alasiri aliegemeza simu kwenye boksi la vifungo, akaongea kwa ishara na bintiye aliyeolewa mbali, wakionana kwa video.

Basi serikali ikatangaza mnada wa masafa, yaani njia za hewani zinazobeba simu. Sharti moja lilisema mshindi apitishe huduma zote sawasawa, asizibe ya mwingine. Kampuni moja kubwa ikataka sharti lifutwe, ili video zipite kwenye huduma yake tu, kwa bei yake. Wananchi wakaitwa kutoa maoni.

"Ukoo wetu haujazoea kupunga mikono mbele za watu," kaka yake mkubwa akamwonya.

"Wala haujazoea kuzibwa mdomo," Fundi akajibu kwa ishara.

Akapiga pasi gauni lake la buluu, akaondoka na wifi yake, mjane wa marehemu mdogo wake, awe mkalimani.

Ukumbini, wakili wa kampuni akatabasamu. "Mama huyu tunamhurumia. Lakini si anaweza kuandika ujumbe?"

Wifi akatafsiri. Fundi akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Muulize, mkewe akimgombeza, humwandikia barua?"

Wifi akalitamka, ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti wa kikao akagonga meza. "Mama mkalimani, tafsiri yenye adabu tu!"

"Adabu ninayo, mheshimiwa, nimelelewa. Natafsiri alichosema."

Fundi akaendelea: "Huruma yake abaki nayo. Hewa hamkuiumba nyinyi. Mnaiuza kwa niaba yetu. Atakayeinunua asinichagulie dirisha la kumwonea mwanangu. Sharti linabaki, au linafutwa?"

Kipaza sauti kikazimwa. Wifi akapaza yake, kila neno likafika viti vya nyuma. Mikono ya Fundi ndiyo kabisa, haikuwa na swichi.

"Muda umekwisha, kaeni!" mwenyekiti akaamuru.

"Anasemaje?"

"Anasema tukae."

"Mwambie miguu haijachoka. Nitakaa akishajibu."

Mwenyekiti akamtazama wakili. Wakili akazama kwenye karatasi zake. Wifi akaweka mkoba sakafuni, akasimama wima kando ya Fundi.

"Litajadiliwa," mwenyekiti akasema hatimaye.

Wifi akatafsiri.

"Hilo si jibu," mikono ikasema, na Fundi akaendelea kusimama.