Kikombe Kilichobaki Matombo

Niliondoka chuoni Mazimbu, pale Morogoro mjini, kwa sababu ya macho yangu. Si kwamba yalikuwa hayaoni. Yaliona vizuri tu, hata mtu akipita na sahani ya chips mwisho wa kantini yalimwona. Tatizo ni kwamba daktari alivuta kope zangu chini, akatafuta ule wekundu unaotakiwa kuwa ndani, akaukosa. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda kusoma mwaka mmoja Uturuki, na kitu pekee kilichobaki kilikuwa cheti cha afya. Nikapimwa malaria, nikapimwa minyoo, vyote safi. Damu ndiyo ilikuwa pungufu. Daktari akaniuliza huwa nakula nini. Nikamtajia, akaweka kalamu chini.

Hebu na nyie niwatajie, mnihukumu. Asubuhi chai ya rangi na chapati. Mchana chai ya rangi peke yake, kwa sababu kipindi kimegongana na chakula. Jioni chips mayai na kile kinywaji cha kopo cha kutia nguvu, ili nikeshe nasoma, na baadaye chai ya rangi tena ili kopo lishuke vizuri. Mboga za majani tulikuwa tunasalimiana kwa mbali. Daktari akanipa vidonge vya madini ya chuma, akaniambia nile mboga, maharage, dagaa, maini nikiyapata, na usiku nilale kama watu. Hayo yote niliyapokea. Lililoniuma ni la mwisho: chai isisogee karibu na chakula wala vidonge, maana inauzuia mwili kuyachukua hayo madini. Nirudi mwisho wa likizo. Damu ikipanda, anasaini. Isipopanda, anakwenda mwingine.

Fidelis, rafiki yangu tuliyekuwa tunakaa naye geto moja, alinihurumia kwa namna yake, yaani alicheka kwanza. Halafu akasema kwao Matombo chakula kinaota nyuma ya nyumba, na kwamba Tabora kwetu ni mbali mno kwa mtu aliyeishiwa damu.

"Ila ujue mama yangu ni Mluguru na wewe ni Mnyamwezi," akanionya. "Hutapona bure."

Asubuhi ya safari tulipanda lori linalofuata ndizi milimani, sisi wawili na dereva mbele, nyuma kreti za soda. Nilibeba begi la nguo, vidonge vyangu, na kikombe changu cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu. Mama yangu alinipa siku ninakwenda bweni kidato cha kwanza, na tangu hapo nilikuwa sijanywea chai kitu kingine. Tukaipita Bigwa pale mji unapoishia, tukaipita Kiroka, barabara ikianza kupinda huku milima imejifunika mawingu mpaka mabegani. Dereva alikuwa mzungumzaji. Kila kijiji alikuwa na shemeji, na kila shemeji alikuwa na kosa lake.

Baada ya Mkuyuni mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, lori likazama kwenye tope. Tukashuka kusukuma. Nilisukuma kidogo tu, masikio yakaanza kulia, miti ikazunguka, nikajikuta nimekaa pembeni kwenye majani huku Fidelis ananipepea na kofia ya dereva. Dereva akasema ameshabeba ndizi zikamwivia njiani, lakini abiria wa kumwivia njiani ndiye huyu wa kwanza. Nilicheka na wenzangu. Moyoni niliogopa. Pale ndipo nilipoelewa kwamba jambo lenyewe halikuwa Uturuki peke yake. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee na nilishindwa kusukuma gari.

Tulifika Matombo jua likiwa utosini. Nyumba yao iko chini ya barabara, na ukitoka mlangoni migomba inateremka mpaka mtoni. Mama Fidelis alitoka na jembe mkononi, mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Baba Fidelis yeye yuko kwenye mashamba ya miwa kule Kilombero na huja mara mojamoja. Nikainama, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba utaipata baadaye," akasema. "Kwanza nione hayo macho niliyoambiwa."

Akanivuta kope palepale uani, kuku wakishuhudia. Akaguna, akageuka kumwambia mwanawe kwamba Wanyamwezi walipita hapa zamani na misafara ya Ujiji, wakibeba mizigo ya mabwana wakubwa, na inaonekana damu yao waliiacha njiani. Mimi nikamjibu kwamba walikutana na mbu wa Kiluguru. Akacheka, akanipokea begi. Kwa wasiojua, utani wa makabila yetu ni wa tangu hizo enzi za misafara, na mtani ana haki zake: anaweza kukusema mbele za watu, na akiamua kuteka kitu chako anakiteka, na hurudishiwi mpaka umekikomboa kwa atakalotaka yeye. Kununa hakuruhusiwi.

Siku za mwanzo nilikula kama niliyetoka jela. Ndizi za nazi, maharage, matembele, kisamvu, dagaa. Lakini kila sahani ilifuatwa na birika, na chai ya nyumba ile, jamani, mdalasini umebanduliwa mtini palepale, pilipili manga imechumwa nyuma ya jiko. Mama Fidelis alikuwa akikijaza kikombe changu cha bati mpaka kwenye ukingo wa bluu. Na mimi nikajiambia kwamba mgeni kukataa chai ya mwenyeji ni utovu wa adabu, hata daktari angeelewa. Vidonge vyenyewe nilivimeza nayo. Nilikuwa na adabu nyingi sana wiki ile.

Jioni moja tumekaa mkekani, nimetupia kidonge mdomoni nainua kikombe, Fidelis akanichongea. Alimweleza mama yake kila alichosema daktari. Mama Fidelis hakukasirika. Alinyoosha mkono, akakichukua kikombe changu, akaimwaga chai kwenye mgomba, akakitundika kwenye msumari juu kabisa ya ukuta wa jiko.

"Mtani, kikombe hiki nimekiteka."

Nikauliza nitakikomboa kwa kitu gani. Akasema kwa kazi ya babu zangu, upagazi. Kila asubuhi nitabeba mkungu wa ndizi kutoka mtoni mpaka barabarani linapopita lori, na maji nitakunywa kwenye bilauri, na baada ya chakula nitapewa chungwa. Chai mpaka jua linapoinama, na ni kwa kikombe cha kuazima.

Asubuhi iliyofuata nilianza mzigo. Njia ya kutoka mtoni imesimama kama ngazi, na katikati pana jiwe kubwa. Siku ya kwanza nilifika kwenye jiwe hilo nikalala chali, mkungu kifuani, Mama Fidelis akanipita na mkungu wake kichwani huku akiniuliza kama bwana mkubwa ameshafika Ujiji. Watu wa barabarani walinizoea haraka. Wakiniona natokeza wanaitana waje wamwone mpagazi. Kulala nikawa nalala saa ambazo chuoni nilikuwa ndiyo kwanza nafungua kopo. Polepole masikio yakaacha kulia. Kwenye jiwe niliendelea kupumzika, lakini sasa nilikuwa nakaa, silali.

Kitu kimoja nilikiona na sikukitilia maanani. Mama Fidelis hakuwahi kukaa kula na sisi. Alipakua, akatusimamia kama askari mpaka sahani zikawa tupu, kisha akaketi kizingitini na kikombe chake chekundu cha plastiki, chai tupu. Ukimwuliza, atakwambia ameshashiba kwa kuonja.

Mwisho wa likizo nilirudi mjini, kikombe kikiwa bado msumarini. Daktari akavuta kope, akapima, akanitazama kama aliyeletewa mtu mwingine, akasaini. Nilimpigia simu Mama Fidelis nikiwa bado kwenye ngazi za hospitali. Nikamwambia niko tayari kuja kuchukua kikombe changu.

"Kikombe kinabaki," akasema. "Ukakichukue leo, ukafie huko, ndizi zangu atabeba nani? Rudi mzima, ndiyo nitakupa." Sauti yake ilikuwa ya utani mpaka katikati, halafu ikapungua, akakata simu. Nililia kidogo. Nyie semeni mnavyotaka.

Uturuki, basi, ni nchi gani? Ni nchi ya chai. Nimekimbizwa na birika Matombo, nikapelekwa na ndege mpaka kwenye birika kubwa zaidi. Ukinunua kitasa unapewa chai, ukiulizia njia unapewa chai, ukimaliza kula, hujafuta hata mdomo, bilauri ndogo yenye kiuno imeshawekwa mbele yako. Nje theluji, na mwenyeji anakutazama kwa upendo. Nilimweleza Emre, tuliyekuwa tunakaa naye chumba kimoja, kwamba siwezi kunywa chai pamoja na chakula kwa sababu kikombe changu kimetekwa na Mluguru. Siku ya pili aliwaambia wenzake mezani, na ikawa ndiyo salamu yangu bwenini: kikombe kimekombolewa? Lakini chai yangu wakawa wanaichelewesha, wananipa supu ya dengu na kipande cha limau. Kupanda ngazi za bweni kwa miguu nilikuwa napanda, mgongoni nimebeba vitabu badala ya ndizi. Baridi ikiniambia nibaki kitandani na biskuti, nilikuwa nausikia ule mguno wa uani Matombo, natoka.

Mwaka ulipokwisha nilirudi Morogoro, na kabla ya kwenda Tabora nikapanda lori la ndizi. Dereva alikuwa yuleyule na amepata shemeji wengine. Fidelis hakuwepo, amepata kazi Ngerengere. Mama Fidelis alikuwa barabarani akinisubiri. Nikainama.

"Marahaba baadaye," akasema, na vidole vyake vikawa vimeshafika kwenye kope zangu. Akachungulia jicho la kulia, akachungulia la kushoto. Akaitikia marahaba ndefu, akanishika mashavu mbele ya watu wote. Niliona fahari kama niliyeshinda kombe. Kisha akasema kikombe kipo, kimengojea, ila mkungu mmoja wa mwisho uko mtoni.

Tulishuka wote, tukapanda wote, kila mmoja na mkungu wake. Nilipanda nikisimulia theluji. Jiwe nikalipita bila kusimama, na nilitaka sana alione hilo, aseme neno. Nikageuka. Alikuwa amekaa kwenye jiwe langu, mkungu uko chini, mkono kifuani, anavuta pumzi kama aliyetoka kuzama.

Nikamwuliza kama bwana mkubwa ameshafika Ujiji. Akatabasamu, asiweze kujibu. Nikaweka mkungu wangu, nikateremka, nikapiga magoti mbele yake, nikamvuta kope. Alijaribu kuutoa mkono wangu, akaacha.

Ndani palikuwa peupe, kuliko nilivyokuwa mimi.

Nikakumbuka kizingiti, kile kikombe chekundu, na kule kushiba kwa kuonja. Nikaona aibu, na hasira pia, sijui nilimkasirikia nani. Aliniambia polepole kwamba ni uzee tu, kwamba migomba haijipalilii, kwamba hospitali ni ya watu wanaosafiri. Nilibeba mikungu yote miwili kwa zamu mpaka barabarani, nikamshika mkono mpaka nyumbani, nikaingia jikoni. Kikombe changu kilikuwa juu kwenye msumari, kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Nikakiteremsha. Halafu nikakichukua na cha kwake, kile chekundu, kilichokuwa kando ya birika, nikaimwaga chai kwenye mgomba uleule.

"Mtani," nikamwambia, "hiki nimekiteka mimi."

Alinitazama sana. Kununa hakuruhusiwi, na yeye ndiye aliyenifundisha. Akauliza atakikomboa kwa kitu gani. Nikasema atakikomboa Morogoro, kwa daktari yule aliyenipima mimi, na jioni hii tutakula naye mkekani, sahani moja.

Alikula taratibu, macho chini, kama mgeni kwenye nyumba yake. Nikammenyea chungwa.

Kesho yake asubuhi tulikaa mbele kwenye lori, ndizi nyuma. Dereva alimwuliza mama anakwenda wapi amejifunga kanga mpya namna hiyo. Akasema hajui, ametekwa na Mnyamwezi. Vikombe vyetu vyote viwili vilikuwa kwenye begi langu, vikigongana kila tulipopita shimo, mpaka Bigwa.