Gia Mpya, Betri Ileile

Jumamosi nilikuwa gereji moja hapa Dodoma, nasubiri kuzibiwa pancha, nikamkuta mzee mmoja, karani mstaafu, amemsimamia fundi anayefunga giaboksi ya kukanyaga klachi kwenye gari lake la zamani. Ile ya otomatiki ilikuwa imelazwa pembeni, juu ya gunia.

"Shikamoo mzee. Otomatiki imekufa?"

"Marahaba. Nzima kabisa."

"Sasa umeitoa ya nini?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati taratibu. "Mwezi uliopita betri ilinifia njiani, kule Haneti. Watu wema wakasukuma mpaka wakaketi chini wanahema. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, bwana! Nitembee na gari lisilosukumika?"

"Na betri je?"

"Ileile," akajibu fundi kutoka uvunguni. "Haina shida tena."

Nikashika kichwa. Miaka ile ya foleni za bidhaa adimu ningemwelewa, maana betri ilipatikana kwa kibali na kwa kujuana. Leo biashara ni huria, betri zimejaa madukani mpaka barazani, na mtu mzima anang'oa giaboksi nzima ili asinunue moja! Tumeizoea shida mpaka tunaitengenezea gari.

Kazi ilipokwisha, mzee akaingia, akakanyaga klachi, akatoa kichwa dirishani.

"Haya jamani, sukumeni. Na wewe mwenye maswali."

Nikasukuma. Likawaka mbele kidogo tu, mlangoni pa duka la betri.