Jina la Zéphirin

Zéphirin alipokufa katika kijiji chetu, nje kidogo ya Kabambare, mjane wake Albertine aliingia ndani akaketi mkekani. Kwa desturi yetu mjane hatoki mpaka ngoma ya mti iite jina la marehemu, lile jina la ngoma ambalo kila mwanaume wa zamani alikuwa nalo. Likiitwa mara moja, marehemu ameagwa na mlango unafunguliwa. Likiitwa tena, ni kumwita arudi nyumbani.

Lakini ngoma ilikwisha kuliwa na mchwa. Mchongaji wa mwisho alizikwa na ujuzi wake, kwa kuwa wanawe waliona heri kubeba abiria kwa pikipiki. Masika yakaja, yakapita, Albertine yumo ndani.

Mwanawe Clovis ana kibanda cha kuchaji simu sokoni Kasongo. Katika kompyuta yake kuukuu mteja mmoja alimwekea programu ya kutengenezea muziki: vinanda vilivyochorwa kwenye kioo, na vifundo vya kuzungusha kwa kidole. Clovis hajawahi kushika hata gitaa. Akanileta Kasongo, maana mimi na baba yake tuliipiga ile ngoma tangu ujana. Nilitakiwa kuliimba jina, naye alitafute ndani ya mashine.

"Sikia hii, baba mudogo."

"Iko mbu mu chupa."

Akazungusha kifundo. "Na hii?"

"Mbu ileile, imelewa lotoko."

Sauti zake hazikujua kufa. Mti ukipigwa husema ukanyamaza. Kinanda chake kilivuta sauti kama mtoto mwenye deko. Polepole akajifunza kuikata, kuishusha, kuitia mkwaruzo mwanzoni pale fimbo inapogusa mti. Akapata mdomo wa kike wa ngoma, ukingo mmoja wa mpasuo wake, kisha wa kiume, ukingo wa pili. Siku alipoiunganisha midomo yote miwili nilimsikia Zéphirin akiitwa, nikageuza uso kuelekea barabarani. Nilikuja kudharau, nikakosa la kudharau.

Wazee wa kijiji walibishana sana, mwishowe wakakubali. Tukafunga spika na kompyuta kwenye pikipiki, tukaenda, matope mpaka magotini.

Watu walijaa uani. Albertine alikuwa amesimama nyuma ya mlango.

"Mama, uko tayari?"

"Niko tayari tangu zamani. Piga."

Clovis akabonyeza. Jina likapita juu ya mashamba ya mihogo likafika kilimani. Mlango ukafunguka. Albertine akatoa mguu mmoja, jua likamwangukia vidoleni.

Jina likaitwa tena.

Programu ile ikimaliza kipande hukirudia yenyewe, usipoizuia. Tulipokuwa Kasongo, Clovis aliiacha hivyo ili asikilize huku akihudumia wateja, na kule hapakuwa na mtu aliyesimama mlangoni akingoja. Likaitwa mara ya tatu kabla hajang'oa waya.

"Iko mashine tu, mama! Inarudia yenyewe!"

"Na ile ya kwanza? Haikuwa mashine?"

Clovis akanitazama mimi. Nikawatazama wazee, nao wakatazama chini. Tungesema la pili si kitu, la kwanza nalo lingekuwa si kitu.

Albertine akaurudisha mguu ndani.

"Umemuita baba yako, Clovis. Akifika, asikute nyumba bila mutu."

Akauvuta mlango.