Fundi Aliyebaki Ndani ya Seva

Habari ya kifo chake ilinikuta mtaani Biryogo kwa fundi cherehani, Alhamisi asubuhi, nimesimama mikono juu napimwa kanzu. Jirani yake alinipigia simu, akasema yule mtu wa kompyuta amefariki, akakata. Fundi cherehani naye alikuwa akimfahamu. Akaviringisha utepe wake, akasema innalillahi, na kanzu ikaahirishwa. Marehemu alirudi kutoka kuswali alfajiri, akaketi sebuleni kusubiri chai, na mkewe alipoileta alimkuta amekwisha kwenda. Alasiri tulikuwa tumeshamzika. Anayenisoma kila wiki ananijua: mimi si mtu wa kuwasifu wafu kwa sababu tu wamekufa. Huyu nitamsifu, kisha nitamlaumu, kisha nitajilaumu mwenyewe, na mwisho nitakuomba jambo. Nakusihi usiiache safu hii njiani.

Alikuwa mtu wa Biryogo hasa, mjukuu wa mfanyabiashara wa vitambaa aliyetoka pwani, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kufika hata Dar es Salaam. Kazi yake ilikuwa kutunza seva za kampuni moja ya kuhifadhi dawa kule Gikondo, nyuma ya magereji. Jina la kampuni nitalisitiri. Humo kuna chumba cha baridi, na ndani ya chumba hicho hukaa insulini ya maduka mengi ya dawa ya mji huu. Mke wangu anajidunga insulini kila siku, huu mwaka wa tisa. Kwa hiyo kila nilipokutana na marehemu, iwe mlangoni mwa msikiti au kwenye foleni ya mandazi, salamu yangu ilikuwa moja: "Baridi iko?" Naye hujibu, "Iko, Mwalimu." Ualimu niliuacha zamani, leo ni mfasiri katika ofisi moja ya Kacyiru, lakini yeye hakukubali kunishusha cheo. Na mimi kila nikisikia lile "iko" nilikuwa naenda nyumbani nimetulia.

Urafiki wetu ulianza kwa giza. Ofisi yetu ina seva moja yenye faili zote za tafsiri, na inawezekana kuingia ndani yake kutoka nyumbani, ukaona kwenye kompyuta yako meza ileile unayoiona ukiwa ofisini. Jumatatu moja nilikuwa nyumbani nina kazi ya haraka. Nikaandika jina, nikaandika neno la siri, yakakubaliwa, halafu skrini ikawa nyeusi. Nikajaribu tena na tena. Kijana wetu wa ufundi akaniambia kwa simu kwamba intaneti ni nzuri, seva inaitika, njia imefunguliwa, na yeye haelewi. Ndipo mtu akanipa namba ya marehemu. Alinisikiliza bila haraka, nikasikia anatafuna kitu.

"Neno la siri imekubali?"

"Limekubali."

"Kisha giza?"

"Giza tupu. Kuna kishale tu kinachozunguka."

"Ijumaa ulitoka?"

"Nilitoka saa kumi na moja, na mlango nikaufunga."

"Sikuulizi mulango ya ofisi. Mule ndani ya mashini, ulitoka?"

Nikaanza kukumbuka. Ijumaa nilikuwa nimeketi mbele ya seva yenyewe, nikaandika, kisha nikazima skrini na kuondoka.

"Basi uko mule bado," akasema. "Iyo giza haiko ubovu, Mwalimu. Ni weye. Mashini inasema, huyu mutu niko naye hapa, ameketi. Sasa huyu anagonga huku inje ni nani?"

Ilinibidi nipande moto, pikipiki ya abiria, mpaka Kacyiru kwenda kujitoa. Nilipowasha skrini nilijikuta humo kweli, na sentensi yangu ya Ijumaa imekatika katikati. Nikafunga kazi zangu moja moja, nikatoka rasmi, nikarudi nyumbani, na seva ikanifungulia kama kwamba hatukuwahi kugombana. Marehemu alinitania kwa hilo miaka na miaka. Akiniona barabarani anauliza kama nimekuja mzima au nusu nimeiacha kazini.

Baadaye nilifika Gikondo kumpelekea tafsiri ya maelezo ya dawa, akanionyesha chumba chake. Seva ilikuwa kwenye kona, skrini yake imefunikwa kitambaa cha kitenge kuzuia vumbi. Akakifunua. Kulikuwa na kidirisha kidogo kinachoandika joto la chumba cha baridi kila baada ya dakika chache. Joto likipanda, kidirisha kile kinatuma meseji kwenye simu yake na za wakubwa wawili. Alikitengeneza mwenyewe, na kila kilipohitaji kuwashwa alikiwasha kwa mkono wake, akiwa ameingia kwa jina lake, palepale alipoketi. Mimi si fundi, lakini nilikuwa nimeshafundishwa somo la giza, nikauliza.

"Na ukitoka humo?"

"Sitokaga. Nikitoka, nayo inakufa."

"Si uipange ijiwashe yenyewe?"

"Nitaipanga. Iko kazi ya siku moja."

"Na siku ukiwa haupo?"

Akacheka, akarudisha kitambaa taratibu kama mtu anayemfunika mtoto. "Mimi? Nitakuwa mule ndani."

Kazi ya siku moja haikufanyika kwa miaka minne. Hapa ndipo ninapomlaumu, na namlaumu kwa uchungu kwa sababu sababu zake nilizijua. Kampuni ilikuwa inapunguza watu, leo mmoja, mwezi ujao wawili, na yeye aliona wanaobaki ni wale ambao bila wao kitu fulani hakifunguki. "Wakinifukuza, mulango ile nani ataifungua?" aliniuliza siku moja, na hakuwa anatania. Alijigeuza kufuli ili asitupwe. Sisi wengine tuna haki gani ya kumcheka? Ofisini kwetu yupo mpishi anayetia chumvi akiwa ametugeuzia mgongo, na yupo karani mwenye mafaili yote kichwani ambaye akienda likizo ofisi nayo huenda likizo. Mimi mwenyewe nina daftari la istilahi nilizozikusanya miaka kumi na mbili, na sijawahi kuliweka mahali ambapo wenzangu watalifikia. Hali hiyo tunaiita uzoefu, lakini mara nyingi ni woga. Mwajiri anayewatisha watu asishangae akikuta siku moja kila mtu ameondoka na ufunguo mfukoni.

Jumamosi tulikusanyika kwake kwa dua ya siku ya tatu. Baada ya dua nilikuwa barazani na kikombe cha chai, akaja kunisalimia mhandisi wa makao makuu ya kampuni yake, binti mdogo aliyerudi kutoka masomoni juzijuzi. Nilimwona makaburini akilia sana. Akaniambia tangu Alhamisi walikuwa wanahangaika. Marehemu alipokuwa hai hakuna aliyehitaji kuingia kwenye seva ya Gikondo kwa mbali, kwa kuwa yeye alishinda hapo. Sasa wao wako makao makuu, Kacyiru, wana jina lake na neno lake la siri kwenye bahasha, na kila wakiingia wanapata giza.

"Tuliangalia netiwaki, iko sawa," akasema. "Tukabadilisha mipangilio, nta kibazo, hakuna shida, lakini ni giza tu. Leo asubuhi nikatuma mlinzi aizime, aiwashe. Ikafunguka. Sasa iko vizuri, muzee. Hata zile meseji za joto zilizokuwa zinasumbua wakubwa, zimetulia."

Nilijua palepale giza lile lilikuwa nini. Marehemu alikuwa bado ndani, kama alivyosema, ameketi mbele ya kidirisha chake, na asubuhi ile walikuwa wamemtoa bila kujua, na kidirisha kimekufa naye. Neno lilifika mdomoni. Lakini watu walikuwa wanaagana, mjane alikuwa karibu, na mimi nani hata nimfundishe mhandisi kazi yake msibani? Nikajiambia lazima wanajua. Nikajiambia nitampigia kesho. Nikamwambia, "Poleni na kazi, binti yangu," nikamaliza chai yangu. Kesho ikawa Jumapili, nikaona si vizuri kumsumbua mtu siku ya mapumziko.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilidhani ni maneno ya kuwatisha watoto. Ubaya wa kile kidirisha ni kwamba kilisema palipo na shida tu. Kikiwa kizima na mambo mazuri, kilinyamaza, na kikiwa kimekufa, kilinyamaza vilevile. Wakubwa walitazama simu zao zilizotulia wakaona amani. Saa chache baada ya dua, swichi ya mtambo wa baridi iliruka, mtambo ukazima. Jumapili jioni mlinzi akaona taa nyekundu, akairudisha swichi, akaendelea na zamu yake, kwani hakuna aliyewahi kumwambia afanye zaidi. Jumatatu asubuhi chumba kilikuwa baridi kama kawaida, mlango ukafunguliwa, mizigo ikatoka kwenda madukani. Hakuna aliyeona lolote kwa sababu hapakuwa na la kuona.

Jumatatu hiyohiyo mchana nilinunua boksi la insulini kwenye duka la dawa la Nyamirambo, nikamkabidhi mke wangu kwa mkono wangu. Kesho yake alianza kuwa na kiu. Akawa mzito, akalala mchana, jambo ambalo hafanyi. Jumatano asubuhi alipopima sukari ilikuwa juu, akalaumu chai ya msibani. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika viatu, naenda kazini. Nikaviweka chini, nikampigia mhandisi. Nilimweleza yote, kidirisha, kitambaa cha kitenge, "nitakuwa mule ndani". Kisha nikasikia anaita gari. Ukutani mwa kile chumba kuna kipimajoto kidogo kinachokumbuka joto la juu kabisa lililopita na saa lilipoanza kupanda. Alinipigia kutoka Gikondo. Chumba kilikuwa kimepata joto la kuharibu insulini siku nzima na zaidi. "Muzee," akaniuliza, "Jumamosi ulikuwa unajua?" Nikamwambia ndiyo, nilijua.

Mke wangu amepata dawa nyingine na sasa anaendelea vizuri. Hajanilaumu, na afadhali angenilaumu. Kidirisha cha marehemu kimepangwa sasa kijiwashe chenyewe, na kila asubuhi kinatuma meseji hata kama hakuna shida, ili kimya kiwe habari mbaya. Iliwachukua nusu siku. Nami daftari langu la istilahi nimeliweka mezani kwa wenzangu. Juzi nilimpigia yule binti nikamuuliza bila kufikiri, "Baridi iko?" Marehemu angejibu papo hapo, na ningelala usingizi. Yeye akasema, "Ngoja niangalie." Nimetambua kwamba hilo ndilo jibu nililopaswa kulitaka miaka yote.

Basi funzo ndilo hili, na halina uzuri wowote: unachokijua, kisemwe wakati mtu bado anaweza kukitumia, hata kama ni msibani, hata kama wewe si fundi. Na ombi langu ni hili. Kampuni imeyapigia simu maduka, na maduka yamewapigia wateja wanaowajua. Wasiojulikana bado wapo. Kama wewe, au mama yako, au jirani yako, alinunua insulini mjini hapa kuanzia Jumatatu ile baada ya dua, hata ikiwa safi machoni, usiitumie. Irudishe dukani leo ubadilishiwe. Haya ndiyo maneno niliyoyameza pamoja na chai siku ya Jumamosi.