Nyirangabo Alitaka Mlango Mmoja Tu

Shule ya Sekondari ya Eastlawn, mwendo mfupi kusini mwa Lackawanna, mji wa chuma ulio jirani na Buffalo, ilijengwa na watu waliokuwa na hakika kwamba chuma hakitaisha duniani. Ndiyo maana mlango wake wa mbele ni wa shaba, mzito kama dhambi, na juu yake wamechongwa wanaume wawili wenye vifua vipana wakimimina moto. Zama hizo tanuri ziliwaka usiku na mchana. Wafanyakazi walinunua nyumba za matofali, wakazaa kwa bidii ile ile waliyofanyia kazi, na halmashauri ya shule ikawa inaongeza bawa kila ilipopata nafasi ya kupumua: bawa la sayansi, bawa la ufundi, jimu yenye viti vya kutosha mji mzima. Kisha kiwanda kikafungwa. Wazee wakabaki na nyumba zao, vijana wakafuata jua Florida, na shule ikaanza kufunga bawa moja baada ya jingine, kama kuku anayenyonyolewa akiwa hai.

Hapo ndipo tulipoingia sisi Wakongo, na aliyetangulia alikuwa Nyirangabo.

Huyu mama alizaliwa kwenye milima ya Kivu Kusini, na kwa habari ya shule alikuwa na bahati mbaya ya ajabu. Shule yake ya kwanza ilichomwa akiwa bado anajifunza kuumba herufi. Ya pili ilikuwa hema kambini. Siku moja upepo ulilichukua, mwalimu akabaki ameshika chaki. Ya tatu ilivamiwa wakati wa hesabu. Kwa hiyo Nyirangabo hajawahi kutoka shuleni akitembea. Kila mara alitoka mbio.

Mume wake, Ruberwa, alifia kambini. Mjane akaletwa Amerika na watoto wawili, akawekwa Louisville, mtaa wa Iroquois, akafanya kazi ya kukata kuku hadi vidole vikafa ganzi. Shemeji akapiga simu kutoka Columbus kwamba huko maghala yanaajiri hata vipofu. Wakahamia Columbus. Kisha watu wa kanisa wakasema Buffalo, mtaa wa Black Rock, nyumba zinauzwa kwa bei ya gari bovu. Wakahamia Buffalo. Aliyelipia safari hizo zote, kwa masomo yake, ni mwanawe mkubwa, Cyubahiro. Kila mji alianza shule upya, na kila shule ilimfundisha vita vya uhuru vya Amerika tangu mwanzo. Alivisoma vita hivyo Louisville, akavisoma Columbus, akavisoma Buffalo, na hakuwahi kukaa mahali hadi mwisho ajue nani alishinda. Siku hizi amerudi Columbus, anasukuma maboksi ghalani.

Kwa hiyo Nyirangabo aliapa kwa ajili ya kitindamimba, Isaro: huyu ataingia shule moja, atamalizia hiyo hiyo, atatokea mlango ule ule alioingilia. Hakuomba daktari wala mwanasheria. Aliomba mlango mmoja tu. Akakopa benki, akanunua nyumba ya matofali Eastlawn, akapata na kazi kwenye kantini ya shule. Siku ya kwanza ya Isaro, alimshika mkono mbele ya ile shaba.

“Unaona huu mlango? Ndjo utatokea hapa hapa, na kofia ya pembe ine ya wenye kumaliza masomo ku kichwa. Nikikuona unatokea dirishani, nitakurudisha ndani.”

Isaro, aliyekuwa na aibu ya msichana wa miaka kumi na minne, alimjibu kwa Kiingereza kwamba mlango huu hautumiwi na mtu. Wanafunzi wote wanapitia ubavuni, kwenye mabasi ya njano.

“Wao. Weye utapita huku.”

Nusu ya kanisa letu ilimfuata Eastlawn kununua nyumba. Shule ikajaa tena. Hata bawa la ufundi likafunguliwa, likafutwa vumbi, wakawekwa humo watoto wanaojifunza Kiingereza. Kwa miaka michache mtu angeweza kudhani kuku ameota manyoya.

Kisha boila, mtambo wa kuipasha shule joto, ikafa. Ilikuwa imeanza kazi wakati wa tanuri za chuma na haikuona sababu ya kuishi zaidi ya wenzake. Majira ya baridi yale watoto walisoma na makoti, na kantini Nyirangabo aligawa supu ambayo wanafunzi waliishika kwa mikono yote miwili bila kuinywa. Halmashauri ikatangaza: mwezi wa tano raia wa mji watapiga kura. Wakikubali kodi ya majengo ipande kidogo, boila na paa vitatengenezwa. Wakikataa, shule itafungwa kiangazi hicho hicho, na watoto watapelekwa shule ya mji wa jirani. Isaro alikuwa amebakiza mwaka mmoja.

Jirani wa Nyirangabo, mzee aliyestaafu kutoka kwenye chuma, alichomeka kibao cha HAPANA kwenye nyasi zake siku hiyo hiyo. Mzee huyu alisoma Eastlawn, wanawe walisoma Eastlawn, na hadi leo amevaa pete ya wahitimu wa shule hiyo kwenye kidole kilichovimba kiasi kwamba haitoki tena.

“Shule imenifanyia kazi yake,” alimwambia Nyirangabo juu ya uzio. “Mimi sina deni nayo.”

“Na Isaro wangu?”

“Msichana mzuri,” alisema mzee, akaenda kumwagilia kibao chake.

Sasa, kufikia mwaka huo wengi wetu tulikuwa tumeapa, tumepewa uraia na kibendera cha plastiki. Wakongo wa Eastlawn wenye haki ya kupiga kura tulikuwa wengi kuliko tulivyojijua. Kura zenyewe zingepigwa kwenye jimu ya shule, ambayo mlango wake unatazamana na jiko la kantini. Nyirangabo angeweza kupiga kura yake kati ya kugawa wali na kuosha treyi, hata aproni asivue.

Lakini yeye alichukua ruhusa ya siku nzima, akaenda kwa Mchungaji Ezéchias.

“Mchungaji, unakumbuka kambini? Kesi yetu ya kuja huku ilikuwa imelala, hata mbwa hawakuinusa. Tulifunga na kuomba, ikaamka. Ninaomba tufunge tena. Siku ile ile ya kura.”

Mchungaji Ezéchias ni mtu ambaye hajawahi kukataa mfungo. Ndio chakula chake. Jumapili akatangaza: siku ya kura hakuna kula, hakuna simu, wote kanisani Black Rock tangu asubuhi. Saa kumi na mbili jioni atasema amina, tuingie kwenye vani na magari, twende Eastlawn kupiga kura pamoja. Kwetu, kwenda kupiga kura peke yako ni kutafuta kupigwa wewe.

Shemasi Zabroni, fundi wa breki, akanyanyua mkono. “Bon, miye ninauliza tu. Pale wanafungua tangu asubuhi, na saa mbili usiku wanafunga. Ju ya nini tusiende kwanza tupige, halafu tuje tuombe?”

“Donc, Zabroni,” akasema Mchungaji, “unataka tumwendee Mungu kazi imekwisha, tumwambie yeye aweke tu sahihi?”

Kanisa likacheka. Zabroni akakaa. Nyirangabo ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi.

Siku ikafika. Simu zetu ziliwekwa kwenye beseni mlangoni, likafunikwa kitenge. Tuliomba hadi magoti yakauma. Tulimkumbusha Mungu boila, tukamkumbusha paa, mama mmoja akamweleza hata namba ya basi la mtoto wake. Nyirangabo, aliyekuwa ndiye dereva wa vani ya kanisa, alisali akiwa ameshika ufunguo mkononi.

Saa kumi na mbili ilipogonga, Mchungaji alisimama, akafungua mdomo kusema amina. Nabii Elisabeth akamtangulia.

“Ninaona mlango!”

Mchungaji akafunga mdomo.

“Iko mlango mukubwa! Ya shaba! Na juu yake iko batu bawili na moto! Ninaona mutoto mwanamuke anatokea, kofia iko ku kichwa, mama yake anapiga vigelegele!”

Elisabeth hajawahi kukanyaga Eastlawn. Lakini hadithi ya ule mlango Nyirangabo alikuwa ameisimulia kanisani mara nyingi kiasi kwamba hata mpiga ngoma angeweza kuitabiri. Nyirangabo hakuliwaza hilo. Alisimama karibu na mlango, ufunguo mkononi, machozi yakishuka. Zabroni aliinua kifundo cha mkono juu kabisa, akigonga saa yake kwa kidole, huku midomo yake ikisema bila sauti: tuende, mama, tuende.

Kwetu, anayetoka nje katikati ya ujumbe wa nabii anakibeba hadi nyumbani kwake kilichotabiriwa kikiwa kimegeuka. Kama ni uzima, ataubeba ugonjwa. Kama ni mlango unaofunguka, basi utafungika. Nyirangabo alimtazama Zabroni, akamtazama Elisabeth. Akautia ufunguo kifuani, akapiga magoti.

Ujumbe ulikuwa mrefu. Ukafuatwa na kunena kwa lugha, lugha zikafuatwa na tafsiri, tafsiri ikafuatwa na wimbo wa shukrani, na wimbo wetu wa shukrani una beti ambazo hakuna aliyewahi kuzimaliza akiwa na haraka. Tulipotoka, jua la huku, ambalo mwezi wa tano huchelewa kuzama, lilikuwa bado liko juu ya mto, zuri, halina habari. Beseni lilikuwa linatetemeka chini ya kitenge. Nyirangabo alichukua simu yake. Alikuwa amepigiwa na Isaro tena na tena, na kulikuwa na sauti fupi aliyoiacha. Isaro, ambaye nyumbani huongea Kiingereza hata na paka, alikuwa amesema kwa Kiswahili:

“Mama, muko wapi? Niko hapa ku mlango wa jimu. Wazee tu ndio wanaingia. Mama, mukuje.”

Nyirangabo aliendesha vani ile kama mtu anayefukuzwa, ustadi aliozaliwa nao. Tulipofika, mwanamke mmoja alikuwa anakunja meza. Alituonyesha saa ya ukutani: imepita saa mbili. Tulikuwa tumejaa ukumbini na nguo zetu za kanisani, tumbo tupu, harufu ya mahubiri, tukimtazama mwanamke anayekunja meza. Isaro alikuwa ameketi sakafuni karibu na jiko la kantini. Alinyanyuka, akapita katikati yetu, akaenda kwenye vani.

Mzee jirani alikuwa nje, akisubiri matokeo na wenzake. Alimtazama Nyirangabo kwa mshangao wa kweli.

“Mlikuwa wapi? Sisi tulikuwa tumeshajua mtatushinda. Nilishajiandaa kulipa.”

Shule ilishindwa. Kura zilizopungua zingepatikana kwenye viti vya mbele tu vya kanisa letu, bila hata kuigusa kwaya.

Jumapili, Mchungaji Ezéchias alisema Mungu amejibu, maana hapana nayo ni jibu. Watu wakasema amina, kwa uchovu. Nyirangabo alisimama, jambo ambalo wamama hawalifanyi katikati ya mahubiri.

“Mchungaji, Mungu hakuwa na kura pale Eastlawn. Hajaapa, hana nyumba, hana kibendera. Sisi ndio tulikuwa navyo. Na ni miye niliyewafungia humu.”

“Keti, mama Isaro,” Mchungaji alisema taratibu.

“Nitaketi. Nimeketi siku ile nzima, leo ndio nishindwe?”

Akaketi.

Mwezi wa sita, siku ya mwisho ya shule, Nyirangabo aligawa chakula chake cha mwisho. Shule ya mji wa jirani ina kantini yake na wamama wake. Yeye atakwenda kuosha wazee kwenye nyumba ya wazee, na huenda siku moja akamwosha jirani yake, na pete yake. Jimu ilikuwa imejaa madawati yenye vibandiko vya bei. Kengele ya mwisho ilipokaribia alivua aproni, akaenda mbele, akamwomba mlinzi afungue ule mlango wa shaba. Bawaba zililia. Akausukuma kwa bega, akausimamia wazi, mgongo ukiwa umeuegemea. Isaro hakuwa na kofia, hakuwa amemaliza. Lakini walau atokee hapo, akitembea. Alikuwa amemwambia asubuhi, na Isaro alikuwa ameitikia kwa kichwa.

Kengele ikalia. Watoto wakamiminika kama maji, wote kwa ubavuni, kwenye mabasi. Mbele hakuja mtu. Nyirangabo alisikia breki za basi la kwanza, la pili. Kupitia kioo cha ukumbi alimwona Isaro upande wa pili, begi mgongoni, amesimama kidogo, ameugeukia mlango wa shaba. Rafiki yake mmoja akamvuta mkono, basi linaondoka. Isaro akainua kiganja, kama mtu anayesema subiri, au samahani, au kwaheri. Kisha akakimbia.

Alikimbia vizuri. Ni damu.

Nyirangabo aliendelea kuushika mlango. Mabasi yaliisha yote, kiwanja kikanyamaza, naye yuko pale pale, bega kwenye shaba, mpaka mlinzi alipokuja na funguo zake.

“Mama,” alisema, si kwa ubaya, “funga tu. Nzi wanaingia.”